Kushika hela za mzee asiyejiweza, Mtwara na Lindi

Kiharusi hakisubiri msimu upite. Mzee akianguka mwezi wa Agosti, mikorosho yake imeshapata salfa, ile dawa ya kuzuia ugonjwa, mizunguko mitatu na bado miwili. Mnada wa korosho unaanza Oktoba. Pensheni, kama anayo, inaingia kwenye akaunti ambayo namba yake ya siri anaijua yeye peke yake. Na pale wodini, iwe hospitali ya Ligula Mtwara au ya Sokoine Lindi, muuguzi anakupa karatasi ya vitu vya kununua leo hii. Wiki haiishi, familia inagundua kwamba mzee ana mali lakini hakuna mwenye mamlaka ya kuigusa. Sisi tuliouguza wazazi na kushika madaftari yao tunajua kwamba ugomvi mwingi wa ndugu hauletwi na umaskini. Unaletwa na kutojua nani anaruhusiwa kufanya nini na hela ya mzee, na ruhusa hiyo inakoma lini.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ana shilingi ngapi, ulizeni akili yake ikoje.

Kuna mzee aliyepooza upande mmoja, ulimi mzito, lakini anawatambua watu, anakumbuka shamba lipi ni lake na lipi ni la mkewe, na ukimuuliza jambo asubuhi akajibu ndiyo, jioni halibadiliki. Huyo bado ndiye mwenye mali na ndiye mwenye uamuzi. Saini ikimshinda, dole gumba linatosha. Na kuna mzee ambaye hajitambui, au kumbukumbu zimemwisha kiasi cha kumwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Huyo hana uwezo tena wa kumpa mtu mamlaka, hata familia nzima ikikubaliana. Kuchukua kidole chake na kukibonyeza kwenye karatasi ni kughushi, na karatasi hiyo itawageukia siku ya kwanza ndugu mmoja atakapoipeleka mahakamani.

Kama mzee yuko katika hali ya kwanza, msipoteze hata wiki. Nendeni kwa wakili aandike hati ya uwakili, inayomruhusu mtu mmoja au wawili kufanya mambo fulani kwa niaba yake. Hati inayosema tu “ashughulikie mambo yangu yote” ndiyo inayoleta shida baadaye. Benki huitilia mashaka na ndugu huigombania. Hati nzuri inataja namba ya akaunti na tawi la benki, jina la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mfuko wa pensheni, vyumba vya kupangisha na mahali vilipo. Kisha inataja visivyoruhusiwa: kuuza shamba, kuuza nyumba, kukopa kwa jina la mzee. Sisi tunaona sehemu hiyo ya makatazo ndiyo inayowatuliza ndugu kuliko maneno mengine yote.

Kama mzee hawezi kusoma au kuandika, hati isomwe mbele yake kwa sauti, na iandikwe ndani yake kwamba alisomewa kwa Kiswahili, akaelewa, ndipo akaweka dole gumba. Mashahidi wawe wawili, na wasiwe watu watakaofaidika na mali hiyo. Siku hiyohiyo, au jana yake, pateni barua ya daktari anayemtibu inayosema kwamba mgonjwa ana akili timamu na anaelewa anachokifanya. Barua hiyo ni karatasi moja tu, lakini ndiyo itakayojibu hoja ya “walimtia dole akiwa hajitambui”. Hati ilipiwe ushuru wa stempu, na kama inagusa ardhi isajiliwe kwa Msajili wa Nyaraka. Toeni nakala kadhaa zilizothibitishwa na wakili, maana kila ofisi mtakayokwenda itataka kubaki na yake.

Jambo ambalo familia nyingi haziambiwi ni kwamba hati hii ina mwisho. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uwakala unakoma pale aliyeutoa anapokufa au anapopoteza akili timamu. Kiharusi cha pili kikimwondolea mzee fahamu, karatasi iliyokuwa halali jana leo haina nguvu. Hapo njia inayobaki ni mahakama.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu ndugu kuomba mahakama imteue msimamizi wa mali za mtu ambaye akili yake haimruhusu kuzisimamia mwenyewe. Maombi ya namna hii yamekuwa yakisikilizwa na Mahakama Kuu, na Mtwara ina Kanda yake, kwa hiyo watu wa Lindi na Mtwara hawana haja ya kufuata jambo hili Dar es Salaam. Andaeni taarifa ya daktari, ikiwezekana anayehusika na afya ya akili, inayoeleza ugonjwa, tangu lini, na kama kuna matumaini ya kupona. Andaeni orodha ya mali, majina ya mwenza, watoto na ndugu wa karibu, na muhtasari wa kikao cha familia unaoonyesha kwamba wanajua na wanamkubali anayependekezwa. Anayeteuliwa anawajibika kwa mahakama: ataorodhesha mali na atatoa hesabu. Asiyeweza kumlipa wakili aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatozi ada.

Kikao cha familia nacho kina mambo yake huku kwetu. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo umezoeleka kuhesabiwa upande wa mama, na mjomba au mpwa anaweza kuwa na sauti kubwa kuliko mtoto wa kuzaa. Watoto wanaoishi Dar es Salaam wakikaa kikao chao kwa simu, wakaamua nani ashike hela bila kumwita mjomba, wanaanzisha vita. Mwiteni. Mwiteni na mke wa mzee, na kama ni wake wawili, wote wawili wakae. Muhtasari uandikwe hapohapo, kila mtu aweke saini au dole gumba, na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji agonge mhuri. Kikao kichague mshika hela mmoja na mkaguzi mmoja. Mkaguzi asiwe mtu wa nyumba moja na mshika hela. Na semeni wazi mbele ya wote kwamba mtu aliye hai harithiwi: hela hizi ni za mzee, zitamlisha na kumtibu yeye na wanaomtegemea, mpaka pumzi yake ya mwisho.

Baada ya hapo zunguka nyumba utafute hela ziko wapi. Kitabu cha benki, kadi, stakabadhi za AMCOS za misimu iliyopita, kadi ya bima, kitambulisho cha NIDA, laini za simu, mikataba ya wapangaji, karatasi ya kikoba, madeni anayodai na anayodaiwa. Ulizeni na msikitini au kanisani, kwa sababu wazee wengi wanaweka amana kwa mtu wanayemwamini bila kumwambia mtoto yeyote.

Kwenye benki, usianze kwa kutumia kadi ya mzee kwenye mashine kimyakimya. Tunajua inavyovutia: namba ya siri unayo, dawa inahitajika leo. Lakini masharti ya benki hayaruhusu mtu mwingine kutumia kadi ile, na kila shilingi inayotoka kwa njia hiyo haina jina la aliyeitoa. Miaka miwili baadaye taarifa ya benki itaonyesha mistari mia ya kutoa hela, na ndugu watauliza kila mstari ulikwenda wapi. Nenda kwa meneja wa tawi ukiwa na barua ya hospitali, kitambulisho cha mzee na chako. Kama mzee anajitambua, omba ofisa aje nyumbani au wodini amwone mteja mwenyewe, achukue dole gumba na maelekezo. Omba pia mpango wa kudumu, kwa mfano kiasi fulani kuhamia kila mwezi kwenye akaunti mpya ya matunzo yenye watia saini wawili. Hapo akaunti kuu haiguswi kila siku, na hela ya matumizi ina njia moja inayoonekana.

Alama za vidole zinasumbua sana huku. Mzee aliyebangua korosho miaka mingi, mafuta ya maganda yameunguza ngozi ya vidole, na mashine inamkataa. Mwosheni mikono kwa maji ya uvuguvugu, mpakeni mafuta kidogo kisha mfute, mjaribu kila kidole, si gumba peke yake. Zikigoma zote, ofisa aandike kwamba zimegoma na atumie utaratibu mwingine wa kumtambua mteja. Msikubali kuambiwa “njooni kesho” bila maandishi.

Simu nayo ni benki. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mzee, na namba ya siri ikikosewa mara tatu inafungwa. Kuifungua kunamtaka mwenyewe. Mtu mmoja aishike simu hiyo, iwe na chaji na iwe na salio la kuonyesha kwamba inatumika, maana laini iliyonyamaza muda mrefu hufungwa na kampuni, na namba ileile ndiyo inayopokea ujumbe wa benki na wa mfuko wa pensheni. Wajukuu wasichezee.

Sasa korosho, ambako hela nyingi za wazee wa kusini ziko na ambako nyingi hupotelea.

Shamba halijui kama mwenyewe anaumwa. Salfa ya unga kwa kiasi kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti kwa kila mzunguko, kila baada ya siku 14, mizunguko hadi mitano. Mikorosho 100 inakula kilo 125, yaani mifuko mitano ya kilo 25. Ukiruka mizunguko miwili ya mwisho kwa sababu hela imekwenda hospitali, ugonjwa wa ubwiriunga unakausha maua na mavuno yanaanguka. Hela ya dawa za mzee za mwezi wa Januari imekufa shambani mwezi wa Agosti. Hii ni sababu ya kutosha ya kuandika salfa, kufyeka na kuokota kwenye bajeti ya matunzo ya mzee, pamoja na vidonge vyake vya presha. Pembejeo za ruzuku hutolewa kwa jina la mkulima aliyesajiliwa, kwa hiyo mapema waendeeni viongozi wa AMCOS na ofisa kilimo wa kata na barua ya familia inayomtaja atakayechukua kwa niaba yake.

Kabla ya Oktoba hakikisheni akaunti ya mzee iko hai na jina lake benki linafanana na jina la AMCOS herufi kwa herufi. “Mohamedi” na “Mohamed” ni watu wawili mbele ya kompyuta, na malipo yanarudi. Akaunti iliyolala huamshwa na mwenyewe, ndiyo maana ziara ya ofisa wa benki isingoje mpaka mnada upite.

Kosa linalotokea sana ni kijana kupeleka korosho za mzee ghalani kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa anaona ni njia fupi. Stakabadhi inatoka kwa jina la kijana, malipo yanaingia kwake, na kama ana deni AMCOS au benki linakatwa kwenye korosho za mgonjwa. Hata akiwa mwaminifu kabisa, hana namna ya kuonyesha kilo zipi zilikuwa za nani. Stakabadhi iandikwe jina la mzee. Mshika hela awepo wakati wa kupima, aandike kilo na daraja, kisha alinganishe na malipo baada ya kuondoa makato ya chama, ushuru na usafirishaji. Chama kikuu cha ushirika, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, kinatangaza bei za mnada, kwa hiyo hesabu inaweza kufanywa na mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba.

Kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa kificho, watakuja. Wanajua nyumba yenye mgonjwa ina haraka ya hela, na watakuja Julai au Agosti na noti mkononi wakitaka korosho ambazo hazijaanguka, kwa bei ambayo ni aibu kuitaja. Ni biashara iliyokatazwa, na kwa mgonjwa ni hasara mara mbili: bei ya chini leo, na msimu usio na kitu kesho. Kama hela inahitajika kweli, ni nafuu kukodisha sehemu ya shamba kwa msimu mmoja. Mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, utaje idadi ya mikorosho, msimu unaoanza na unaokwisha, nani ananunua salfa, nani anafyeka, na kwamba aliyekodi hakati tawi bichi. Hela ilipwe yote siku ya kusaini. Mkataba wa misimu mitano kwa hela ya mkupuo ni kuuza shamba kwa mlango wa nyuma, na tunausihi kila mtu aukatae.

Kuuza ardhi yenyewe kuna vizuizi, na vizuizi hivyo ni rafiki wa mgonjwa. Ardhi ya kijiji haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwenye hati ya uwakili isiyotaja kuuza hana la kuuza.

Kwa mstaafu, jihadharini na uhakiki. Mfuko unataka kuthibitisha kwamba mpokeaji yuko hai, na asiyehakikiwa malipo yake husimamishwa. Pelekeni taarifa ya maandishi kwenye ofisi ya mfuko, yenye barua ya hospitali, mkiomba mgonjwa afuatwe alipo. Kwa mstaafu wa utumishi wa umma mfuko ni PSSSF, uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani, kwa hiyo karatasi za mzee zinaweza kuwa na jina la PSPF au LAPF na bado zina kazi. Angalieni pia kadi ya bima ya afya ya mzee na mwenza wake kabla ya kulipa chochote taslimu.

Gharama za matunzo huwashangaza watu kwa sababu wanahesabu dawa na kusahau vitu vya kila siku. Mtu asiyeinuka anatumia pampasi za wakubwa tatu hadi nne kwa siku. Chukua nne: kwa mwezi ni 120, yaani pakiti 12 za vipande kumi. Tuseme pakiti ni shilingi 15,000, hapo ni 180,000 kabla hujanunua hata kidonge. Ongeza glavu, sabuni, mafuta ya kupaka, uji wa lishe, mpira wa mkojo na mfuko wake, nauli za kliniki, na mshahara wa mhudumu. Familia nyingine hupunguza pampasi kwa kutumia vitambaa vya khanga mchana na pampasi usiku. Inawezekana, ikiwa kuna mtu wa kubadilisha mara moja vinapolowa. Pasipo mtu huyo, unyevu na kulala upande mmoja huleta vidonda vya mgandamizo, na kidonda kimoja cha mgongoni kinaweza kula hela kuliko pampasi za miezi kadhaa. Kumgeuza kila saa mbili hakuhitaji hela, ila mhudumu alipwe kwa wakati na apate usingizi.

Mhudumu huyo awe na makubaliano ya maandishi: mshahara, siku ya kulipwa, siku ya mapumziko, nani anampokea zamu usiku. Mlipeni kwa simu ili malipo yaache alama. Asipewe kadi ya benki ya mzee hata siku moja. Ni kumweka kwenye mtego yeye mwenyewe.

Daftari liwe kaunta buku, si karatasi za kuchana. Tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kazi yake, aliyepokea, baki. Kila Jumapili baki ya daftari ilingane na hela iliyopo mkononi. Ikitofautiana andika tofauti hiyo kwa wino, usifute. Risiti za mashine hufifia haraka kwa joto letu, kwa hiyo zipige picha siku hiyohiyo na uandike kiasi kwa kalamu nyuma yake. Kwa malipo ya hospitali ya serikali hifadhi namba ya malipo pamoja na ujumbe wa uthibitisho. Tarehe 5 ya kila mwezi picha ya ukurasa iende kwenye kundi la wasapu la familia, na mkaguzi aseme ameona. Nauli na chakula cha anayeuguza viandikwe waziwazi kama matumizi. Mtoto aliyeacha kibarua chake kumlea baba anastahili posho iliyokubaliwa kikaoni. Akinyimwa atajilipa mwenyewe gizani, na hapo ndipo udugu unapovunjika.

Wekeni akiba ya rufaa, angalau nauli na wiki mbili za kujikimu kwa wawili, hata kama Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo imepunguza safari za Muhimbili. Akiba hiyo ndiyo itakayowindwa msimu wa jando na unyago, mtu atakapokuja kusema mzee angekuwa mzima angetoa. Huenda kweli angetoa. Lakini uamuzi ule ulikuwa wake, na mshika hela hakupewa. Jibu la heshima ni kumpeleka mwombaji kwenye kikao.

Kwa mzee asiye na ndugu wala mali ya kumtosha, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mlango wa makazi ya wazee ya serikali. Kama ana kashamba au chumba cha kupangisha, kiorodheshwe mbele ya mtendaji kabla hajaondoka, maana ardhi isiyo na mtu huota mipaka mipya.

Mzee akifariki, mamlaka yote yanakoma saa hiyo: hati ya uwakili, usimamizi wa mahakama, kadi, namba ya siri. Usitoe hela ya sanda kwenye akaunti yake. Familia ichange na idai baadaye kwenye mirathi kwa risiti. Toeni taarifa benki na kwenye mfuko wa pensheni, kwa kuwa pensheni itakayoingia baada ya kifo hurudishwa. Sajilini kifo mpate cheti cha RITA, kaeni kikao cha ukoo, fungueni mirathi. Atakayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu namba 5. Mshika hela afunge daftari kwa tarehe ya kifo, aandike baki, yeye na mkaguzi watie saini, na amkabidhi msimamizi huyo daftari, risiti, simu na stakabadhi za AMCOS ambazo bado hazijalipwa.